Zambia kwa basi na treni: unga, umeme na shaba

JUMATATU, Tunduma na Nakonde

Tunduma, mji wetu wa mpakani na Zambia, ukifika asubuhi unaweza kudhani malori yote ya Afrika yamekubaliana kukutana hapo. Foleni inaanzia mbali kabisa kabla hujauona mji, madereva wametandika mikeka chini ya trela wanachemsha chai kama wako kwao. Mi nauza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya, miaka yote Wazambia wanakuja wananunua wanapakia wanaondoka, sasa mwaka huu (Septemba 2024 hii) nikasema hapana, na mimi niende nikaone huko mzigo unakoishia, nani anaula na kwa bei gani. Kaka yangu yuko Lusaka, kaoa huko huko, kwa hiyo pa kulala pako.

Mpaka wenyewe kwa abiria umekuwa mwepesi. 2019 marais wa wakati huo, Magufuli wetu na Lungu wa Zambia, walizindua kile kituo cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kuhangaika majengo mawili, viza Mtanzania hadaiwi. Lori ndo habari nyingine. Dereva mmoja kabeba mahindi ananiambia hapo ana siku ya nne, na mahindi yenyewe ndo kila mtu anayasubiri upande wa pili, maana ukame wa El Nino umekausha mashamba ya Zambia vibaya mno, Februari rais wao Hakainde Hichilema akatangaza janga la taifa, Juni NFRA yetu, wakala wa hifadhi ya chakula, ikasaini kuwauzia tani 650,000. Tani laki sita na nusu bwana. Halafu mtu yuko foleni siku nne na chakula cha watu mgongoni.

Nakonde, upande wa Zambia, nimebadilisha hela, kwacha moja ni kama shilingi mia hivi, hesabu yake rahisi unaongeza sifuri mbili tu. Saa unarudisha nyuma moja. Kiswahili kinaongewa vizuri tu, muuza vocha, muuza maandazi, hadi askari wa getini, kwa hiyo usiku wa kwanza sikujisikia nimetoka nchini.

JUMANNE, njiani

Basi limeondoka alfajiri. Kabla gari halijatembea kasimama mtu mbele akaomba, abiria wote vichwa chini, halafu akahubiri kama nusu saa na bahasha ikapita. Kaka alishaniambia hii nchi katiba yao imeandika kabisa kuwa ni taifa la Kikristo, Chiluba, rais wao wa pili, alitangaza 1991 ikaingia kwenye katiba 1996. Sawa. Mi nilikuwa nawaza tairi.

Nakonde mpaka Lusaka ni kilomita kama elfu moja. Nimebahatika kukaa na mzee mmoja mstaafu wa TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baadhi ya wabunge wetu, kafanya kazi miaka mingi Mpika kwenye karakana na amekaa Dar pia. Nilimwamkia shikamoo akafurahi mpaka akanigawia karanga.

Tumepita Isoka, tukafika Chinsali, akanionyesha kwa kidole upande ilipo Lubwa alikozaliwa Kaunda, rais wao wa kwanza, 1924. Hapo ndo siasa zikaanza na basi zima likaingia, maana hawa watu wanaongea siasa kwa sauti, mtu wa siti ya nyuma kabisa anamjibu wa mbele. Mzee anasema Kaunda tulimpenda, alituunganisha, makabila zaidi ya sabini akayafanya nchi moja, lakini 1990 bei ya unga ilipanda mara mbili watu wakaingia barabarani Lusaka, luteni mmoja wa jeshi naye akajaribu kupindua, na mwaka uliofuata ilipokuja kura ya vyama vingi mzee akaangushwa. Akakubali akaondoka. Miaka 27 madarakani halafu unatoka kwa kura, tena kwa sababu ya unga!

Nikamuuliza hivi nyie mmeshamwondoa rais aliyeko madarakani mara ngapi? Akahesabu: Kaunda 1991, Rupiah Banda 2011, Lungu 2021. Mara tatu. Huyu wa sasa kagombea mara sita ndo akapata, 2017 alifungwa miezi kama minne kwa kesi ya uhaini sababu msafara wake ulikataa kupisha msafara wa rais, leo ndo yeye mwenye msafara. Mi nilikaa kimya. Kwetu Novemba kuna uchaguzi wa serikali za mitaa na nilikuwa najaribu kukumbuka lini nimesikia watu wamekaa ndani ya basi wanabishana hivi bila mmoja kugeuka kuangalia nani anasikiliza.

Lakini dada mmoja mwenye mtoto akadakia: haya mmebadilisha, unga sasa hivi shilingi ngapi? Kimya. Mfuko wa kilo 25 umepita kwacha 300. Huyo dada ndo aliniachia swali nililotembea nalo safari nzima, kwamba hawa wenzetu wamejua kubadilisha mtu pale juu, ila kila anayeingia anakuta mambo yanasubiri mvua inyeshe na bei ya shaba ipande.

Mzee kashuka Mpika. Baada ya hapo Serenje, Mkushi kwenye mashamba makubwa ya kizungu yenye mitambo ya kumwagilia ile ya kuzunguka, Kapiri, Kabwe. Toka Kapiri kwenda Lusaka ni malori matupu na dereva wetu anayapita kwa imani tu, wanasema wanajenga njia mbili Lusaka mpaka Ndola kilomita 327, wakaijenge haraka. Tumeingia Lusaka usiku giza nene, mi nikadhani mtaa wa kaka ndo umekatika umeme. Kumbe ni mji.

JUMATANO, Lusaka

Sasa hii ya umeme lazima niieleze vizuri maana sisi tunalalamika mgao (na wa mwishoni mwa mwaka jana ulitutesa kweli) lakini hatujaona kitu.

Zambia sehemu kubwa sana ya umeme wake inatoka majini, na bwawa kubwa ni Kariba ambalo walijengewa miaka ya 1950 wanagawana na Zimbabwe. Mvua imekataa, Zambezi imeshuka, bwawa limefika karibu na kiwango ambacho mashine haziruhusiwi kuvuta maji. Nyumbani kwa kaka umeme unakuja kama masaa matatu kwa siku, na hayo matatu yanaweza kuwa saa nane usiku. Wifi yangu anaamka usiku huo apige pasi nguo za shule, apike maharage ya siku mbili, achaji simu na betri, ukizimika analala tena. Mwalimu huyo, asubuhi anatakiwa asimame mbele ya watoto.

Nimezunguka mtaani nikaona biashara inavyojipinda. Kinyozi kaunga mashine kwenye betri ya gari. Fundi wa kuchomelea hana la kufanya, wamekaa watatu wanacheza drafti, jenereta analo lakini mafuta yanakula faida yote. Mama wa samaki wa barafu kaacha anauza kapenta (dagaa wao) wakavu. Anayecheka ni muuza sola, kila kona paneli zimeegemezwa ukutani na bei haina huruma. Nikajisemea nchi iliyobadilisha rais kwa karatasi ya kura haiwezi kubadilisha mvua, ila ilikuwa na miaka 60 ya kutafuta chanzo kingine cha umeme na shaba ilikuwa inauzwa muda wote huo. Kaka akasema usiongee hivyo kwa nguvu watadhani wewe wa upinzani. Wifi akacheka akasema mwache aongee, sheria ya kumkashifu rais ilifutwa Desemba 2022. Akaongeza lakini polisi hao hao mwaka jana walimwonya Lungu kuhusu kukimbia mbio za asubuhi na wafuasi wake barabarani. Yaani rais mstaafu anakatazwa jogingi! Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Jioni redio ya betri ikatangaza kule Beijing wamesaini makubaliano ya kuifufua TAZARA, Samia, Hichilema na Xi Jinping wote wapo wanashuhudia. Nikamkumbuka mzee wa Mpika.

ALHAMISI, Kamwala na soko la Soweto

Siku yangu ya kazi hii. Kamwala ndo Kariakoo yao lakini ndogo, maduka mengi ya Wahindi na Wachina, vitenge, viatu, masufuria. Nusu ya vitenge nimevitambua, vimepitia Dar. Muuzaji mmoja akaniambia anakuja Kariakoo kila baada ya wiki chache, analala gesti ileile, anamfahamu hadi muuza supu wa pale.

Soweto ndo nilikotaka. Mchele wa Mbeya upo, wanauita wa Nakonde, hapo roho iliniuma kidogo nikasema haya bwana, la muhimu unauzika. Umewekwa kwenye ndoo na vikopo, mama anauza kikombe kimoja kimoja, na bei ya kikombe ukiizidisha mpaka gunia unagundua kuwa kati ya mimi Mwanjelwa na huyu mama wa Soweto kuna watu wanne wamekula, na wote hakuna aliyepalilia wala kuvuna. Nimeandika namba zao.

Kisha kaka akanipeleka Manda Hill. Kituo cha maduka kikubwa, kiyoyozi, jenereta linanguruma nyuma, Shoprite imejaa watu. Huku ndo nilipowashangaa Wazambia. Shoprite waliingia hapa 1995 wakati serikali inauza mashirika ya umma, wakapewa maduka yaliyokuwa ya serikali, wakaota mizizi, leo mfanyakazi wa ofisini wa Lusaka anaona kununua kabichi supamaketi ni kawaida tu. Kwetu waliingia wakashindwa 2014 wakauza maduka wakaondoka. Mi nilikuwa nadhani sisi ndo tumebaki nyuma. Lakini nimesimama pale nasoma vibandiko, juisi ya Afrika Kusini, biskuti za Afrika Kusini, mpaka karoti, nikawaza hela ya mshahara wa mwalimu inaingia kwenye simu tarehe fulani na jioni imeshavuka mto Limpopo. Sisi mama wa gengeni ndo aliyemshinda Shoprite bila kujua kama alikuwa vitani. Sisemi magenge yetu ni masafi, hapana, mvua ikinyesha Mwanjelwa mnajua wenyewe.

Kitu kimoja wametupita ni vibanda vya hela za simu, viko kila hatua kumi, dada kakaa chini ya mwavuli na analipwa kwa kila muamala, wengi ni wasichana waliomaliza shule juzi tu.

IJUMAA, shule

Wifi anafundisha sekondari ya serikali pembezoni mwa mji, sitaitaja. Mwaka 2022 serikali ya Hichilema ilifuta ada mpaka darasa la 12 (msingi ilishafutwa zamani), na sisi mwaka huo huo ndo tukafuta ya kidato cha tano na sita, kwa hiyo tulikuwa na mengi ya kulinganisha wakati tunamenya viazi gizani.

Anasema mwaka ule wa kwanza walirudi watoto ambao walishasahaulika kabisa, wasichana waliokuwa wamezaa, mvulana wa miaka 20 aliyekuwa anasukuma mkokoteni sokoni karudi darasa la nane kavaa sare ya kuazima. Analia akisimulia. Halafu anasema darasa langu lina watoto zaidi ya mia, wengine wanaandikia mapajani. Serikali iliajiri walimu 30,000 kwa mkupuo mwaka ule, na hela ya maendeleo ya kila jimbo ilipandishwa toka kwacha milioni 1.6 mpaka milioni 25 na ushee, hizo ndo zinanunua madawati na kusomesha watoto wa bweni, anakubali hiyo imefanya kazi kuliko ahadi nyingi. Kinachomuumiza ni kwamba anasahihisha madaftari mia kwa tochi ya simu.

Mchana tukapita Chuo Kikuu cha Zambia, barabara ya Great East. Nilikuwa sijui stori yake. Uhuru 1964 wamerithi nchi tajiri ya shaba na wasomi wa digrii kama mia tu, nchi nzima! Wakoloni walichimba bila kufundisha. Basi Kaunda akaomba wananchi wachange wajenge chuo chao, na watu wakachanga kweli, mwenye hela hela, mwenye kuku kuku, mwenye gunia la mahindi akaleta gunia, na 1966 wakakifungua. Tumekaa kwenye vile vibwawa vya Goma ndani ya chuo, vijana wanasoma kwenye nyasi maana mabweni hayana umeme. Nikamuuliza kijana mmoja anasoma nini, akasema uhandisi wa migodi, nikamuuliza ukimaliza? Akasema naomba Mungu. Kijana mzima wa nchi ya shaba.

JUMAMOSI mpaka JUMATATU, Kitwe

Kitwe nimeipenda kuliko Lusaka. Ina mitaa mipana, miti, nyumba za mgodi zenye bustani zilizochoka. Mwenyeji wetu, rafiki wa kaka, baba yake alikuwa mchimbaji enzi za ZCCM, shirika la serikali la migodi, anasema mgodi ulikuwa unatoa kila kitu, shule, hospitali, timu ya mpira, taa ikiungua nyumbani unaita wanakuja kubadilisha balbu. Migodi ilitaifishwa kuanzia 1969, bei ya shaba ikaanguka miaka ya 70, deni likapanda, mwisho wa miaka ya 90 wakauza vipande vipande chini ya Chiluba. Tangu hapo ni kama mwali anayeolewa na kurudishwa. Mgodi wa Mopani ulikuwa wa kampuni ya Glencore, 2021 serikali ikaichukua pamoja na deni la dola bilioni 1.5, mwaka huu asilimia 51 imekwenda kwa kampuni ya Abu Dhabi. Na nchi yenyewe Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ikawa ya kwanza Afrika kushindwa kulipa wakati wa korona, imemalizana na wengi wa wanaoidai mwaka huu tu.

Nimeuona Black Mountain, mlima mweusi wa taka za mgodi katikati ya mji, taka za miaka mingi ila ndani bado kuna shaba. 2018 serikali iliwapa vijana wachimbaji wadogo, wanawaita majerabo, asilimia 10 ya huo mlima, na mwaka huo huo Juni ukaporomoka ukaua watu kumi. Nimeuliza sasa kwanini wapewe taka na siyo mgodi? Mwenyeji akasema hilo swali ukiuliza Kitwe kila mtu anakuwa mgombea ubunge.

Soko la Chisokone kubwa mno, reli inapita katikati ya watu. Nilisikia mtu anaita "mama, kuya huku", nikageuka, Mkongo wa Lubumbashi anauza vipodozi, Kiswahili chake kina madoido yake lakini tulielewana na akanipa bei ya nduguye. Ananiambia mwezi uliopita walikwama, Kongo ilizuia soda na bia za Zambia, watu wakaandamana, Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa siku kadhaa, malori ya Watanzania yakajipanga hadi basi. Yaani soda tu.

Jumapili kanisa, masaa manne. Jumatatu tukateremka Kapiri Mposhi.

JUMANNE na JUMATANO, treni

Stesheni ya Kapiri ni kubwa kupita kiasi, sakafu inang'aa, ukumbi ungejaa watu elfu, tulikuwa labda mia mbili. Wachina walimaliza reli hii 1975, kilomita 1,860, mkopo usio na riba, sababu Ian Smith, kiongozi wa walowezi wazungu, alijitangazia uhuru wake Rhodesia (Zimbabwe ya leo) 1965 na njia ya shaba ya kusini ikawa na matatizo. Wachina zaidi ya 60 walikufa wakijenga. Treni imechelewa, hakuna aliyeshangaa.

Behewa la chakula ndo bunge. Kijana wa Ndola anasema TAZARA imekufa, Wamarekani wanatengeneza reli ya Lobito kupitia Angola, shaba itakwenda Atlantiki wiki moja tu. Mwalimu wa chuo cha reli Mpika akamrukia, nyie vijana mnadhani reli ni siasa, reli ni spea, injini ngapi zinafanya kazi leo? Mfanyabiashara wa Kasama akasema mi sijali Mchina wala Mmarekani, mi naomba behewa la mizigo liwe na mlango unaofungwa, maana mara ya mwisho magunia yangu yamefika pungufu. Wote wakamuunga mkono. Usiku umeme wa treni ukazima tukaendelea kubishana gizani, Wazambia wamezoea.

Huyu mama wa Kasama ndo dili langu. Ananunua mchele Nakonde kwa dalali, mi nikamwonyesha karatasi yangu ya bei za Soweto, akatoa miwani akasoma mara mbili, akasema haya, Mwanjelwa unatoa bei gani nikichukua moja kwa moja? Tumekokotoa nauli, ushuru, wabebaji, na hapa ndo tulipogombana kidogo maana yeye anataka alipe mzigo ukifika Kasama na mimi nataka nusu kabla haujapakiwa. Amekubali theluthi. Magunia kumi ya kujaribia, daraja la kwanza, kwa lori kwanza na siyo treni mpaka tuone hao Wachina wanafanya nini na milango. Kashuka Kasama usiku, asubuhi napata ujumbe: ameshatuma kwacha kwa mtu wa Nakonde anibadilishie. Ni pungufu kidogo ya theluthi. Nimempigia, tunaendelea.